Bakshishi: Shukrani ya mteja isigeuzwe mshahara wa mhudumu

KUANZA kutumika kwa kima kipya cha chini cha mshahara katika sekta binafsi, Januari 1, 2026, kumefufua suala ambalo kwa miaka mingi limekuwa likizungumzwa pembeni ya meza za baa, hoteli na nyumba za wageni: fedha anayoachiwa mhudumu na mteja ni ya nani, na inatolewa kwa ajili ya nini?

Amri ya mshahara iliyotangazwa na Serikali Oktoba 2025 ilipandisha kima hicho kutoka wastani wa Sh275,060 hadi Sh358,322 kwa mwezi. Huo, hata hivyo, ni wastani wa sekta zote. Wahudumu wa migahawa, baa na nyumba za wageni wamekuwa miongoni mwa walio chini kabisa ya ngazi hiyo kwa muda mrefu. Katika amri ya mwaka 2013, kundi hilo lilipangiwa Sh130,000 kwa mwezi, wakati wenzao wa hoteli kubwa za kitalii walipangiwa Sh250,000.

Pengo kati ya mshahara huo na gharama za maisha ndilo lililoipa bakshishi uzito ilionao. Kwa mteja ni chenji aliyoiacha mezani. Kwa anayeipokea inaweza kuwa nauli ya kurudi nyumbani au mboga ya jioni.

Suala hili halihusu Dar es Salaam, Arusha na Zanzibar pekee. Katika Bonde la Kilombero, ambako kwa miaka mingi mgeni alikuwa mfanyabiashara wa mpunga, mtumishi wa Serikali aliye safarini au abiria wa treni, hali inabadilika. Daraja la Mto Kilombero lenye urefu wa mita 384, lililozinduliwa mwaka 2018, liliondoa adha ya kivuko. Barabara ya lami ya Kidatu hadi Ifakara, yenye urefu wa takriban kilomita 67, ilizinduliwa Agosti 2024. Mlimba, mji uliokua sambamba na reli ya TAZARA, nao unatazamia uhai mpya baada ya makubaliano ya Septemba 2025 yaliyoikabidhi kampuni ya CCECC ya China jukumu la kuifufua reli hiyo kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.4 za Marekani.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Linalopaswa kuulizwa mapema ni mwenyeji yupi atakayepona: mwenye nyumba ya wageni, wakala wa watalii, au kijana anayebeba mizigo?

Funzo la uwanja wa gofu

Mlimba hakuna uwanja wa gofu. Mwenyeji wa huko anayetaka kuuona mchezo huo karibu hana budi kusafiri hadi makao makuu ya mkoa, kwenye klabu ya Morogoro Gymkhana. Hata hivyo, ni vigumu kupata mahali penye desturi ya bakshishi iliyopangika kuliko viwanja vya gofu, na kwa sababu hiyo mchezo huo wa watu wachache una funzo kwa watu wengi.

Mhusika mkuu wa desturi hiyo ni kedi, yaani mtu anayembebea mchezaji mfuko wa fimbo. Kazi yake haiishii kwenye kubeba. Huutafuta mpira uliopotelea majanini, hukadiria umbali uliobaki, husawazisha mchanga uliovurugwa na kumshauri mchezaji atumie fimbo ipi. Mzunguko mmoja wa mashimo 18 huchukua takriban saa nne, na muda wote huo kedi yuko kwa miguu juani.

Katika viwanja vingi vya Afrika Mashariki, kedi si mwajiriwa wa klabu. Hulipwa kwa kila mzunguko, na siku ambayo mchezaji hakufika naye hurudi nyumbani mikono mitupu. Ndiyo maana klabu zenye utaratibu mzuri hutenganisha mambo mawili: ada ya kedi, ambayo hupangwa na kujulikana kabla ya mchezo, na bakshishi, ambayo mchezaji huiongeza kwa hiari yake baada ya shimo la mwisho.

Utenganisho huo ndio kiini cha adabu yote ya bakshishi. Ada ni deni, na mchezaji aliyecheza vibaya hana ruhusa ya kuipunguza kwa hasira ya kushindwa. Bakshishi ni shukrani, na kedi hana ruhusa ya kuidai. Mambo hayo mawili yakichanganywa, mmoja wao hudhulumiwa, na mara nyingi ni yule mwenye mfuko begani.

Ushahidi mzuri wa hatari hiyo ulitokea Mexico mwaka 2018. Mchezaji wa kulipwa wa Marekani, Matt Kuchar, alishinda mashindano ya Mayakoba na kupata zawadi ya dola 1,296,000. Kedi wake wa kawaida hakuwapo, hivyo alimtumia kedi mwenyeji wa hapo, ambaye baada ya ushindi alilipwa dola 5,000. Kiasi hicho hakikufika hata nusu ya asilimia moja ya zawadi, ilhali desturi ya mashindano makubwa ni kumpa kedi wa mshindi asilimia 10.

Kuchar alijitetea kwanza kwamba fedha hizo zilikuwa nyingi kwa mtu aliyezoea kipato cha chini. Utetezi huo ulizua ghadhabu, na Februari 2019 aliomba radhi na kufikisha malipo hayo dola 50,000.

Kesi hiyo inafundisha kuwa kipimo cha bakshishi ni kazi iliyofanyika, na umaskini wa anayepokea hauwezi kuchukua nafasi yake. Hoja kwamba mtu wa kijijini hukidhi mahitaji yake kwa kidogo ndiyo hiyo hiyo inayosikika pale mwongozaji wa watalii au mpishi wa kambi anapopewa makombo ya faida iliyopatikana kwa jasho lake.

Mkono wa katikati

Tatizo la pili ni la fedha inayotolewa kwa moyo mkunjufu lakini isimfikie aliyekusudiwa. Hapa mfano uko nchini, katika Mlima Kilimanjaro.

Safari moja ya kuupanda mlima huo huhitaji waongozaji, wapishi na wapagazi, ambao kikomo cha mzigo wao kimewekwa kuwa kilo 20. Mwisho wa safari wageni hukusanya bakshishi, na kwa miaka mingi imekuwa kawaida kuikabidhi kwa mwongozaji mkuu aigawe. Malalamiko ya wapagazi kwamba mgawo huo hufanyika gizani ni miongoni mwa mambo yaliyochangia kuanzishwa kwa mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, mwaka 2003. Mradi huo umekuwa ukihimiza kampuni kutangaza kiasi cha kila kundi mbele ya wote, mgeni akishuhudia.

Funzo hilo linaihusu moja kwa moja Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 na kuwa na makao yake Mang'ula, kando ya barabara ile ile ya kwenda Ifakara. Udzungwa si hifadhi ya kutembelewa kwa gari. Mgeni huingia kwa miguu, huyapanda maporomoko ya Sanje yenye urefu wa takriban mita 170, na wakati wote huo humtegemea anayemwongoza. Kazi inayofanana hivyo na ile ya Kilimanjaro haitakosa kuzaa matatizo yanayofanana, kama utaratibu hautawekwa wakati idadi ya wageni ingali ndogo.

Teknolojia nayo imeleta mkono mwingine wa katikati. Zamani mteja alilipa kwa noti, akarudishiwa chenji, akaiacha mezani. Hivi leo, kuanzia Kariakoo hadi Ifakara, wengi hulipa kwa simu kupitia namba ya biashara. Fedha yote huingia katika akaunti ya mwenye mali, na ile ziada iliyokuwa ikibaki mezani imetoweka. Mteja anayezidisha Sh2,000 akidhani anamshukuru aliyemhudumia, huenda anamshukuru tajiri yake.

Uingereza ililiona tatizo kama hilo katika malipo ya kadi, ikatunga sheria mwaka 2023. Tangu Oktoba 1, 2024, mwajiri wa huko analazimika kuwafikishia wafanyakazi bakshishi yote bila kukata chochote isipokuwa kodi, na kuigawa kwa haki. Tanzania haihitaji kuiga kila kifungu, lakini msingi wake ni rahisi kueleweka hata kwa mwenye mgahawa wa meza nne: fedha iliyotolewa kwa ajili ya mhudumu si mapato ya duka.

Mshahara uliojificha

Hatari kubwa zaidi ni mwajiri kuichukulia bakshishi kuwa sehemu ya mshahara. Si jambo geni kumsikia mwenye baa akimwambia msichana anayeomba kazi kwamba mshahara ni mdogo, lakini wateja wa pale ni wakarimu. Kwa maneno mengine, mwajiri anatoa ahadi kwa kutumia mfuko wa mtu mwingine.

Marekani ndiyo iliyoufanya mtindo huo kuwa sheria. Tangu mwaka 1991, sheria ya shirikisho ya nchi hiyo inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, iwapo bakshishi itafikisha kipato chake kwenye kima cha kawaida, ambacho tangu mwaka 2009 ni dola 7.25. Matokeo yake ni kwamba mteja wa huko hana hiari ya kweli. Asipotoa, anahesabika kuwa amemnyima mtu mshahara.

Kuna nchi zilizochagua njia tofauti. Nchini Ufaransa bei ya mgahawani hujumuisha huduma, na kinachoachwa mezani ni sarafu chache za heshima. Nchini Japani kutoa bakshishi si desturi, na mteja anayeacha fedha anaweza kukimbiliwa na mhudumu akidhani amezisahau. Katika nchi hizo huduma haikuporomoka kwa kukosa bakshishi. Jambo hilo linadhoofisha dai kwamba mhudumu hatachangamka bila noti ya ziada.

Sheria ya Tanzania haikufuata mkondo wa Marekani. Kima cha chini kinachotangazwa chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 ni wajibu wa mwajiri, siyo wa mteja. Aidha, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri atoe maelezo ya maandishi ya malipo, na imeweka mipaka ya makato. Malalamiko ya wahudumu kukatwa fedha kwa chupa iliyovunjika au kwa mteja aliyetoroka bila kulipa ni ya siku nyingi, ilhali sheria hairuhusu mwajiri kukata fidia ya hasara kiholela bila kuthibitisha kosa la mfanyakazi, na inazuia makato hayo kuvuka robo ya mshahara.

Kinachokosekana ni usimamizi. Ofisi za kazi ziko mbali na vijiji vya bondeni, na mhudumu asiye na mkataba wa maandishi hana cha kuonyesha. Chama cha wafanyakazi wa hifadhi, mahoteli na majumbani, CHODAWU, kina wajibu wa kuwafikia wafanyakazi wa aina hii, lakini nyumba ya wageni yenye watumishi watatu si mahali panapokumbukwa haraka na chama chochote.

Athari zake zinawaangukia zaidi wanawake. Mhudumu wa baa ambaye chakula chake kinategemea ukarimu wa mlevi hana nguvu ya kuukataa mkono unaomshika kiuno. Mkono mtupu haulambwi, na anayeishi kwa bakshishi hulazimika kulamba hata mkono asioupenda. Mwenye mshahara wa uhakika anaweza kusema hapana.

Mpaka na rushwa

Wapo wanaoipinga bakshishi kwa sababu nyingine. Kwao, jamii iliyozoea kumwachia chochote mhudumu wa hoteli ndiyo hiyo itakayozoea kumwachia chochote karani, askari na muuguzi. Hofu hiyo ina msingi, kwani lugha yenyewe imekwisha kuchanganyika. Neno "chai" hutumika kwa vyote viwili.

Historia ya karibuni inatoa onyo. Mwaka 2000, Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 1985 ilirekebishwa ili kuruhusu takrima, yaani ukarimu wa kimila wa mgombea kwa wapiga kura. Kwa jina hilo zuri, chakula, vinywaji na fulana vilipata hifadhi ya sheria. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, pamoja na asasi nyingine mbili walikwenda mahakamani, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ilivitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba, kwa kuwa viliwabagua wagombea wasio na fedha. Mwaka uliofuata Bunge lilitunga Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007.

Hukumu hiyo ilionyesha kwamba jina halibadilishi tendo. Kinachotenganisha bakshishi na rushwa kinaweza kupimwa kwa maswali matatu. Je, fedha imetolewa kabla ya huduma au baada yake? Je, asiyetoa atapata huduma ile ile? Je, anayepokea anatumia mali yake na nguvu zake, au mamlaka aliyokabidhiwa na umma?

Mchukuzi anayebeba gunia la mchele kutoka behewani hadi nje ya stesheni ya Mlimba, kisha akaongezewa Sh500 juu ya bei waliyopatana, amepokea bakshishi. Mtumishi wa stesheni yoyote anayedai kiasi hicho hicho ili abiria mwenye tiketi apate kiti chake, anaomba rushwa. Mpishi wa kambi anaweza kushukuriwa kwa fedha. Muuguzi wa zamu hapaswi, hata kama mgonjwa anatoa kwa moyo safi, kwa sababu mgonjwa wa kitanda cha pili asiye na kitu atajiuliza kama zamu yake itafika.

Tofauti hiyo ikifundishwa waziwazi, bakshishi haitakuwa mlango wa rushwa. Ikiachwa ifichwe chini ya neno "chai", itakuwa hivyo.

Adabu ya kutoa

Kwa mteja wa mjini anayejiuliza afanye nini, desturi zilizokwisha kukubalika mahali pengi zinatosha kumwongoza. Kwanza, aulize kama huduma imejumuishwa katika bei. Mahali ambapo haikujumuishwa, asilimia 10 ya ankara ndiyo inayotajwa mara nyingi kuwa kiasi cha heshima katika migahawa ya watalii, ingawa katika mgahawa wa kawaida hakuna anayetazamia hesabu hiyo.

Pili, akamilishe kwanza malipo yaliyopatanwa, ndipo aongeze shukrani. Kumpunja mchukuzi bei ya mzigo kisha kumrushia sarafu kama zawadi ni kejeli. Tatu, ampe mhusika mkononi, kwa noti za nchini, bila kumtangaza mbele ya watu na bila kumrushia. Pale wanapohusika watu wengi, kama safari ya mlimani, fedha itajwe mbele ya wote. Nne, anayelipa kwa simu aitenge bakshishi na ankara, aidha kwa fedha taslimu au kwa kuituma kwa mhudumu mwenyewe.

Mwisho, huduma ikiwa mbovu, mteja aseme badala ya kuadhibu kimya kimya. Mara nyingi chakula kilichochelewa ni kosa la jikoni, lakini anayekosa chenji ni aliyekileta.

Kwa waajiri, wajibu ni mfupi zaidi: kulipa kima kilichowekwa na sheria, kutoa mkataba, na kutogusa kisichokuwa chao. Halmashauri za Mlimba na Mji wa Ifakara, zinapotoa leseni kwa nyumba za wageni na kambi mpya, zina nafasi ya kuyakumbusha masharti hayo kwa gharama ndogo, kabla mazoea mabaya hayajakomaa.

Bonde la Kilombero lina uzoefu wa kupitwa na utajiri. Kwa miaka kadhaa treni ya kifahari ya Rovos Rail, ambayo safari yake ya kwanza kutoka Cape Town hadi Dar es Salaam ilifanyika mwaka 1993, imekuwa ikipita Mlimba ikiwa na abiria ambao chakula, vinywaji na malazi yao vilikwisha kulipiwa mbali. Wachuuzi wa stesheni waliyaona mabehewa yakipita, na biashara ikabaki ilivyokuwa.

Wageni wanaokuja sasa kwa barabara ya lami watalala bondeni, watakula bondeni na watahudumiwa na vijana wa bondeni. Watakapoondoka wakiacha noti mezani kwa moyo wa shukrani, noti hiyo inapaswa kumkuta mhudumu ambaye mshahara wake wa mwezi umekwisha kulipwa na aliyemwajiri.